Mguu Uliokunywa Umande

Magongo yanakula mikono. Watu wengi hudhani shida ya mtu wa mguu mmoja ni kutembea, lakini kutembea nilijua mapema. Nilikatwa mguu wa kushoto chini ya goti nikiwa darasa la saba, baada ya pikipiki niliyopakiwa kuteleza kwenye mchanga na kunilalia. Kabla kidonda hakijakauka vizuri nilikuwa tayari naenda kwa magongo mpaka msikitini, mpaka bombani, mpaka shambani. Tatizo lilikuwa nikishafika. Nikifika bombani, ndoo nitabeba na nini? Nikifika chini ya mkorosho, korosho nitaokota na nini? Mikono yote miwili imeshika miti. Nilikuwa nasimama pale kama mtu aliyekuja kusalimia.

Kwetu ni Makote, upande wa Newala, juu kabisa ambako maji hayatoki ardhini kwa urahisi na asubuhi za mwezi wa sita huwezi kuona mkorosho wa jirani kwa ukungu. Mama ana shamba aliloachiwa na mama yake. Baba aliondoka zamani, ana nyumba yake nyingine huko chini pwani. Kwa hiyo palizi, kupuliza dawa ya salfa, kuokota, kubeba, kuanika, vyote vilikuwa vya Mama na mimi, na katika miaka ya magongo vilikuwa vya Mama peke yake. Nilimwona akichoka kidogo kidogo. Ulianza mgongo, yakaja magoti, mwisho ikachoka hata sauti. Akirudi jioni alikuwa hana maneno.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Haya."

Halafu anajinyoosha kwenye mkeka na kanga zake za shamba, miguu bado ina vumbi.

Ndiyo maana nilipoambiwa kwamba Masasi kuna karakana ya viungo bandia, na kwamba mtu kama mimi anaweza kupimwa akapewa mguu, sikuwaza kucheza mpira wala kuonekana mzima. Niliwaza ndoo.

Mguu wangu ulitengenezwa mbele ya macho yangu, kwa sababu nilikuwa naogopa kurudi kungojea nje kwenye benchi lenye watu wengi. Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, Mmakua wa hapohapo Masasi, mwenye mikono iliyojaa vumbi jeupe la plasta. Alifunga kigutu changu kwa plasta mbichi, ikakauka, akaivua kama ganda la yai, akamimina plasta nyingine ndani, na pale mezani kikasimama kigutu changu cha pili, cheupe. Nilidhani mguu unamiminwa kwenye kalibu kama ndoo ya plastiki. Kumbe unavishwa nguo. Alivuta soksi ya nyuzi juu ya ile plasta, akavuta nyingine, kisha akaweka kitambaa cha nyuzi za kioo zinazong'aa kama katani iliyooshwa, kisha soksi tena. Kisha akamwaga gundi nzito kama asali, akaikamua kwa mkono kwenda chini mpaka kila uzi ukalowa na weupe wote ukapotea. Baada ya muda akaniambia niguse. Ilikuwa ya moto, yenyewe, bila kupikwa.

"Nyuzi peke yake ni nguo," alisema. "Gundi peke yake inavunjika kama sahani. Vikishikana, ndio mguu."

Ulipokuwa tayari aliugonga kwa kifundo cha kidole. Ulilia kama kibuyu kikavu. Mlio ule niliupenda sana.

Siku za mwanzo nyumbani sitazieleza kwa urefu. Nilibeba ndoo. Nilitoka nayo bombani, nikapita kwa majirani nikiwa nimeinamisha uso kwa sababu watoto walikuwa wananifuata, nikaitua mlangoni. Mama alikuwa anapeta mchele. Aliangalia ndoo, akaniangalia mimi, akaendelea kupeta, lakini ungo ulikuwa unakwenda upande na mchele ulikuwa unamwagika nje. Msimu ule tuliokota wawili.

Shida ilianza nyuma ya goti. Mdomo wa mguu, yaani ukingo wa juu unapoingizia kigutu, ulikuwa unanikwangua nikichuchumaa, na kuokota korosho ni kuchuchumaa kutwa. Nikawa na kidonda. Pia ndani kulikuwa na jasho, kigutu kinaogelea kikifika mchana. Fundi alikuwa ameniambia kikinisumbua chochote nirudi Masasi. Lakini Masasi ni safari, na ulikuwa katikati ya msimu.

Mjomba alipita siku moja akanikuta nimeuvua mguu, nimekaa kwenye kinu kilicholazwa, napepea kigutu.

Mjomba ni kaka yake Mama, mkubwa wake. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno; hata mahari ya dada zangu wakubwa aliipokea yeye. Kwa kazi ni mchongaji. Zamani alichonga vinyago vya kupeleka mjini, sasa macho yamepungua nguvu, anachonga vinu, mipini ya majembe na viti vya kukunja. Ana mikono ambayo ikishika kitu, kitu hicho kinakuwa chake.

"Lete nione," alisema.

Nikampa. Akaupima kwa kiganja, akaugeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo.

"Huyu mama wa Masasi hajamalizia kazi. Huu mdomo mbona mnene hivi? Na pa kupumulia hakuacha?"

"Alisema nikipata shida nirudi kwake, Mjomba."

"Urudi ukamwambie nini, kwamba kwenu hakuna mafundi?"

Mama alitoka jikoni. "Kaka, hicho kitu cha hospitali."

"Dada, hiki ni kigumu, kinakatika kwa tupa. Kitu kikikatika kwa tupa mimi nakijua."

Nilitaka kusema hapana. Mjomba alikwenda nao kwake, na jioni aliurudisha ameupunguza mdomo wote wa nyuma kwa tupa na kuulainisha kwa msasa, na pembeni ametoboa matundu madogo kwa keekee, safu mbili, yamenyooka vizuri kama matundu ya filimbi. Lazima niseme kweli: ulikuwa mtamu kuvaa. Goti lilikunjika. Upepo uliingia. Mjomba alikaa akiniangalia nikitembea uani, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyemaliza kinyago kizuri.

"Sema sasa. Masasi au hapa?"

"Hapa, Mjomba."

Halafu mvua zikaanza.

Sikuona kitu kwa muda mrefu, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuona. Niliamka, nikavaa, nikaenda shambani kwenye palizi. Nyasi za chini ya mikorosho zina umande mpaka jua lipande sana, na mimi nilikuwa naingia na Mama kabla ya jua. Suruali inaloa, mguu unaloa, ndani jasho. Nikirudi nauvua, naupangusa kwa kitambaa, nauegesha ukutani. Nje unaonekana mkavu. Kesho yake tena.

Nilichohisi ni uchovu. Nilidhani ni wangu mwenyewe. Nyonga ya kushoto ilianza kuuma mchana, baadaye ikawa inauma asubuhi. Nilikuwa narusha mguu mbele na unachelewa kufika. Mama aliuliza mbona navuta mguu, nikasema nimelala vibaya. Mvua ziliisha, ukungu ukaja, tukapuliza salfa kwenye mikorosho, na uchovu haukuondoka. Kuna siku niliketi kwenye shina la mkorosho nikatazama ndoo iliyojaa, nikaona siwezi kunyanyuka nayo, nikamwita Mama. Alikuja akaibeba. Hilo liliniuma kuliko nyonga.

Kisha yakaja malengelenge. Karibu na matundu ya Mjomba, chini ya ile ngozi laini ya gundi, palitokea madoa meupe, yamevimba kidogo, kama mkono ulioguswa na mafuta ya ganda la korosho. Nilibonyeza moja, likatoa unyevu uliokuwa unanuka siki. Niligonga mguu kwa kifundo cha kidole. Haukulia. Ulitoa sauti ya boga bichi.

Wiki hiyohiyo ukapata ufa, umetoka tundu moja kwenda la pili.

Nilikaa na ufa ule peke yangu kwa siku kadhaa, nikivaa suruali ndefu. Maua ya mikorosho yalikuwa yameshashika, mabibo madogo ya kijani yananing'inia. Kila mtu alikuwa anaongelea msimu. Nami nilikuwa nahesabu kwa namna yangu: huu ukivunjika, narudi kwenye magongo, mikono inaondoka, na Mama anaingia msimu peke yake na magoti yale.

Mjomba aliuona ufa kwa sababu yeye huona ufa kwenye kitu chochote. Hakukasirika. Alifurahi hata, kama mtu aliyeulizwa swali analolijua.

"Umekauka sana," alisema. "Na dawa yake ni ndogo tu."

Wachongaji wa kwetu hawaachi gogo bichi likauke haraka. Likikauka haraka linapasuka. Wanalifunga kwa gunia lililoloweshwa, wanaliweka kivulini, na ufa mdogo ukishaanza, unyevu unaufumba. Nimeuona mpingo wa Mjomba ukiponywa hivyo tangu nikiwa mtoto. Basi akauchukua mguu wangu, akauviringisha kwenye gunia la maji, akauweka nyuma ya nyumba yake chini ya mwembe mdogo, na kila asubuhi akawa anaumwagia kata ya maji. Maji ya Makote, yanayofuatwa mbali, aliyamwagia mguu wangu. Mimi siku hizo nilikuwa kwenye magongo.

Aliponirudishia, ufa ulikuwa umefumba.

"Tafuta," aliniambia. "Tafuta ufa."

Nilipitisha kidole. Hakukuwa na ufa. Malengelenge yalikuwa yamezidi, lakini ufa haukuwapo. Mama alipiga vigelegele vifupi, vya mzaha, na Mjomba akacheza hatua mbili pale uani na magoti yake ya kizee. Tulicheka wote. Sikumbuki kama tumewahi kucheka hivyo tena mwaka ule.

Nilivaa, nikaenda bombani. Nilirudi na ndoo kichwani, na kwenye kijimwinuko kabla ya nyumba yetu nilisikia mlio kama wa ganda la muhogo mkavu likivunjwa. Mguu ulijipinda kwenda nje. Sikuanguka vibaya, ndoo ndiyo iliyoanguka. Nilikaa kwenye matope niliyoyatengeneza mwenyewe, nikatazama. Ufa ulikuwa umerudi, mrefu, na mdomo wa nyuma ulikuwa umeachana katika tabaka, moja juu ya jingine, kama kitabu kilichonyeshewa. Katikati ya tabaka kulikuwa na nyuzi. Zilikuwa zimeloa.

Mama alisema niende Masasi, na Mjomba aende nami, kwa sababu mimi peke yangu ningefika nikakaa kwenye benchi mpaka jioni bila kumwambia mtu shida yangu. Alikuwa na haki kusema hivyo. Njia nzima Mjomba alikuwa ameupakata mguu mapajani, kwenye mfuko wa salfa uliofuliwa.

Masasi kulikuwa na jua kali, mawe makubwa ya milimani yanang'aa. Fundi alikuwa kazini. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitika, "Marahaba, mwanangu," akanitazama kwenye magongo, na uso ukabadilika kabla hata Mjomba hajafungua mfuko.

Aliugeuza mguu taratibu. Akaona mdomo. Akaona matundu. Akahesabu kimyakimya kwa kidole, tundu hadi tundu.

"Nani kafanya hivi?"

Nilitazama sakafu. Kulikuwa na vumbi la plasta na alama za ndara. Niliona kabisa kwamba jibu linangojewa kutoka kwangu, na kwamba nikilitoa nitakuwa nimemsema Mjomba wangu mbele ya mtu. Sikulitoa.

"Mimi," alisema Mjomba.

"Wewe nani kwake?"

"Mjomba wake."

"Mchongaji?"

"Umejuaje?"

"Matundu yamenyooka." Alipumua kwa nguvu. "Jamani Wamakonde. Hamwezi kuona kitu kimesimama mkakiacha bila kukichonga?"

"Na ninyi Wamakua hamwezi kumshonea mtu kitu kikamtosha mara ya kwanza?"

Fundi alicheka bila kupenda, na Mjomba naye, kidogo. Utani huo ulisaidia. Lakini kicheko kiliisha haraka, na fundi akaanza kuuliza maswali, safari hii akinitazama mimi na kuninyamazia mpaka nijibu. Nauvaa saa ngapi? Asubuhi sana. Nyasi zina umande? Zina. Naoga nao? Hapana.

"Na kutawadha?"

Nilitazama magongo yangu. Sheikh alishaniambia mguu ule hauna haja ya kuoshwa. Lakini pale msikitini watu wanaketi safu moja kutawadha, kila mtu anaosha miwili, na mimi nilikuwa naosha miwili.

"Haya," alisema fundi kwa upole. "Nimeelewa."

Alikata kipande kwenye ule mdomo uliobanduka akakishika kwenye mwanga wa dirisha, akatuita tusogee. Kwenye ukingo kulikuwa na vitone vidogo vingi, vyeupe.

"Kila kitone ni kichwa cha uzi. Nilipoutengeneza, vichwa vyote nilivifunika kwa gundi. Gundi yenyewe nayo inakunywa maji, nisidanganye, lakini inakunywa kidogo na polepole, na ikishiba inaacha. Ukikata kwa tupa, ukitoboa, vichwa vinabaki wazi. Hapo maji hayana haja ya kubisha hodi. Yanafuata uzi, yanaingia ndani, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi."

"Si mpwa wangu alisema ni nyuzi za kioo?" Mjomba aliuliza. "Kioo hakinywi maji."

"Hakinywi. Maji yanapita ubavuni mwake, kati ya uzi na gundi. Hapo ndipo pameshikana, na hapo ndipo maji yanapobandua. Joto likiwepo ndiyo yanakimbia zaidi. Na huyu ana kigutu chenye jasho ndani na jua nje."

Mjomba alisugua kidevu. "Mti ukipasuka, mimi nauloweka. Unafunga. Na huu ulifunga, mama, kwa macho yangu."

"Uliuloweka?"

Mjomba aligeukia dirisha.

"Aliufunga gunia la maji," nilisema mimi. Sijui kwa nini sauti ilitoka wakati huo. Labda kwa sababu nilitaka ajue kwamba Mjomba alihangaika.

Fundi hakupiga kelele. Alikaa kwenye stuli yake.

"Ulifunga kwa sababu ulivimba, mzee wangu. Mti unavimba wote pamoja, unarudi wote pamoja. Hapa gundi inavimba, uzi hauvimbi. Mmoja anasukuma, mwenzake hataki kusogea. Mwisho wanaachana."

"Kama dada yangu na baba yake huyu," Mjomba alisema, akinionyesha kwa kidevu.

Nilicheka. Nilicheka mpaka fundi akanitazama kwa mshangao. Lakini Mjomba hakucheka; alikuwa anatazama mikono yake.

Fundi aliupima mguu kwenye mzani mdogo kama wa kupimia unga, akasema atauweka kwenye kabati lenye joto la chini, ukauke pole bila kuchomwa, na nirudi baada ya wiki mbili. Mjomba alirudi Makote. Mimi nilibaki hapohapo Masasi, mtaa wa Mkomaindo, kwa mama mdogo, ambaye anauza maandazi na chai mbele ya nyumba. Siku zile nazikumbuka kama siku moja ndefu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, magongo yamelala chini, nikakanda unga wa maandazi kwa mikono kwa sababu hiyo kazi hufanywa umekaa. Wateja walinisalimia, nikajibu, wakaenda. Mama alipiga simu jioni moja akasema mabibo ya kwanza yameanza kuanguka. Nikamuuliza anaendeleaje. Akasema, "Naendelea," na nyuma ya sauti yake nilisikia ndoo ikiwekwa chini.

Mjomba alirudi siku ya miadi. Hakuna aliyemwita. Tulimkuta fundi ameshautoa mguu na kuupima tena. Alichukua kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, akakijaza maji bombani akakiweka mbele yetu.

"Maji yaliyotoka ni kiasi hiki. Pungufu kidogo."

"Hicho tu?" alisema Mjomba.

Mimi pia niliona haya. Nilikuwa nimejiandaa kuona ndoo. Miezi ile yote, nyonga ile, kumwita Mama abebe, yote ilikuwa kikombe cha kahawa. Lakini kilining'inia mwisho wa mguu, kutoka alfajiri mpaka jioni, kila hatua nikikirusha mbele. Sikuyasema hayo. Fundi ndiye aliyesema: "Fungeni hicho kikombe kwenye kifundo cha mguu mkalime kutwa, halafu mje mniambie 'hicho tu'."

Kisha akasema uzito si kitu. "Maji nimeyatoa. Kilichobanduka sitakibandika. Naweza kukata sehemu iliyooza, nikavisha tabaka jipya juu, nikaziba kila kichwa cha uzi. Utaonekana mzima. Lakini chini ya hilo tabaka kuna mahali pamoja palipopoteza mshiko wake. Mguu mpya nitakutengenezea, ila vifaa vyangu vimekwisha, na vikija ni baada ya msimu, pengine baada ya mvua. Kwa hiyo kuna njia mbili: ngojea kwenye magongo upate mguu mzima, au nenda na huu ukijua unaweza kukuangusha."

Mjomba alifungua mdomo. "Atango—"

"Nimemuuliza mwenye mguu."

Kulikuwa na mtu mwingine anangoja mlangoni, mwanamume mwenye mkono wa bandia, naye akageuka. Watu wote walikuwa wananitazama, hali ninayoichukia kuliko zote. Niliangalia mikono yangu kwenye vishikio vya magongo. Ilikuwa imeota sugu upya ndani ya wiki mbili.

"Nataka kuokota korosho," nilisema.

"Utaokota. Lakini sikiliza masharti. Usiingie kwenye nyasi zenye umande. Ngoja zikauke, hata Mama akikuita. Ukiuvua, uning'inize penye upepo, usiuweke karibu na moto. Kutawadha, muulize tena sheikh wako, halafu safari hii umsikilize. Na ndoo ya maji kichwani, basi. Uzito wako tu unautosha."

"Ndoo, basi?" nilirudia.

"Basi. Mpaka mpya uje."

Kazi yenyewe ilimchukua siku nzima. Mjomba aliomba kusimama karibu, na fundi akamruhusu kwa sharti aweke mikono mfukoni. Aliangalia nyuzi zikivishwa na gundi ikikamuliwa kwenda chini. Mwishoni fundi alimpa brashi ndogo yenye gundi, akamwambia apake ukingo wa mdomo, na Mjomba akaupaka wote mara mbili, polepole, ameuma ulimi, macho yake karibu kabisa na mguu.

Nyumbani nilimweleza Mama masharti yote. Alisikiliza huku anachambua korosho zilizooza. Nilipofika kwenye ndoo, mikono yake ilisimama kidogo.

"Haya," alisema, ikaendelea.

Sasa ni katikati ya msimu. Maji analeta Mjomba, madumu mawili kwenye baiskeli anayoisukuma kwa mkono, siku anazopata nafasi. Siku asizopata anayafuata Mama. Mjomba akija anayatua mlangoni, anauliza mguu umelala wapi jana, nikimwonyesha kamba ya barazani anaugonga kwa kidole, anasikiliza, anaondoka. Sauti ya mguu si ile ya kibuyu. Lakini si ya boga.

Mama bado anatoka na giza la alfajiri, kwa sababu korosho iliyoanguka usiku isipookotwa mapema inaokotwa na wengine. Namsikia akifunga kanga, akichukua ndoo, akivuta mlango. Zamani ningekuwa nyuma yake. Sasa nakaa kwenye kizingiti na mguu pembeni yangu bila kuuvaa, nangoja. Ukungu unakaa muda mrefu. Jua likishatoka natambaa mpaka ukingo wa uwanja, nashika nyasi kwa kiganja, naangalia kiganja. Kinang'aa. Narudi kukaa. Huko shambani nasikia korosho zinagonga kitako cha ndoo, moja moja, na najua kwa mlio huo kwamba ndoo bado ni tupu na Mama bado yuko kwenye mikorosho ya kwanza.

Baadaye nashika nyasi tena, na kiganja kinarudi kikavu. Navaa soksi ya kigutu, naingiza mguu, nafunga mkanda. Nachukua ndoo yangu tupu. Nikifika Mama huwa ameshamaliza nusu ya shamba, ameketi akinyonyoa korosho kwenye mabibo, mgongo umekunjika. Hanyanyui uso.

"Zimekauka?"

"Zimekauka."

"Anzia kule."

Naanzia kule, kwa mikono miwili.